Dirisha la Fundi Rangi

Usijifanye hujui. Lile doa jeusi kwenye pembe ya chumba umeliona, ukasema ni masizi, ukageuza shingo. Miaka nenda rudi mnageuza shingo tu, huku watoto wanakohoa.

Fundi rangi mmoja yeye hakugeuza shingo. Alifanya vibaya zaidi: alipaka. Kila ukungu ulipochungulia chumbani kwa binti yake, alichovya brashi, shwa shwa, ukuta ukang'aa kama sahani. Mvua ikinyesha, rangi inavimba malengelenge na ukungu huo, umerudi. Naye anapaka tena, anapiga mluzi.

Binti akaanza kutoa filimbi kifuani. Daktari akasema ni pumu, akampa dawa ya kuvuta, akauliza, "Nyumbani kuna unyevu?"

"Kwangu?" Fundi alicheka. "Daktari, mimi ni fundi rangi!"

Jibu gani hilo? Lakini likapita.

Ndipo dada yake fundi akaja kuwatembelea, akalala chumba kimoja na binti. Asubuhi alitoka macho mekundu, anapiga chafya mfululizo.

"Kaka, humo ndani unafuga vyura?"

"Mwulize wewe, wifi," mke wa fundi akadakia. "Mimi nimeuliza hadi ulimi umeota sugu."

"Nawe wifi, umejaza nguo mbichi kwenye kamba humo humo!"

"Nianike wapi na mvua hii? Kichwani kwako?"

Wakacheka. Dada mtu akaenda kufungua dirisha. Akasukuma. Akasukuma kwa bega.

"Kaka! Hili ni dirisha au umelichora?"

Fundi akaja na tabasamu la kumkoga dada mtu. Akasukuma, wapi! Tabasamu likamkauka mdomoni. Ile rangi yake ya mafuta, tabaka juu ya tabaka, ilikuwa imegandisha dirisha na fremu vikawa kitu kimoja. Unyevu wote wa pumzi na wa nguo ulibaki humo, na mwanawe ndani yake. Nani aliyemfungia? Yeye, kwa mkono wake, na kwa ustadi mkubwa.

Sebuleni binti alikohoa. Fundi aliondoa mkono dirishani.

"Mpeleke mtoto kwa jirani," alimwambia mkewe. "Nakwangua rangi hii yote, asivute vumbi lake."

Akachukua kisu, akakata rangi kandokando ya fremu hadi dirisha likafunguka kwa kilio. Akavaa barakoa na glavu, akalowesha ukuta ili vumbi lisiruke, akakwangua rangi yote, akasugua kwa maji ya sabuni, akakausha. Mvua ilipotulia alipanda juu, akaziba bati lililokuwa likidondosha maji ukutani. Kamba ya nguo ikahamia kibarazani.

"Utapaka lini?" mkewe akamchokoza.

"Ukikauka hadi ndani."

"Fundi rangi, ukuta uchi? Wateja wakiuona?"

"Wauone!"

Pumu haikufutika, na dawa binti anaendelea nayo. Lakini filimbi imepungua, na sasa akikimbia uani ni baba mtu anayeishiwa pumzi akimfukuza.

Wewe je? Ukungu hautishwi na rangi. Wenyewe unataka maji, basi unyime. Tafuta yanakovuja, ziba. Fungua madirisha. Sugua, kausha. Na mwenye kifua kibovu umpeleke hospitali, ukaseme ukweli wa kuta zako. Inuka sasa hivi, kabla hajakohoa tena!