Msiba wa Grenda

Umeme ulimpiga Cheche akiwa katikati ya kusawazisha mshono wa geti. Haukumrusha. Ulimng'ata kiganja, ukapanda hadi kwenye kiwiko, meno yakagongana. Akaachia swichi, akailaza grenda, mashine ile ya kusagia chuma, chini taratibu kama anayelaza mtoto, kisha akatupa macho huku na huku kuona kama kuna aliyemwona.

Hakuna aliyemwona, au waliomwona walijitia upofu. Ndivyo watu walivyoishi katika karakana ile ya milango na madirisha ya chuma. Bosi alikuwa na sheria moja: mashine ikifia mkononi mwako, utaleta mpya. Wafanyakazi, kwa kukosa la kufanya, waliigeuza utani. Aliyeharibikiwa walimwita mfiwa. Walimpangia foleni, wakampa mkono, "Pole kwa msiba, Mungu akutie nguvu," wakacheka hadi machozi. Mfiwa hakucheka, maana mshahara wake ndio uliokuwa unazikwa. Kwa hiyo ubovu wa mashine haukutangazwa pale hata siku moja. Mashine ilipokezanwa kimyakimya, kila mtu akiomba imfie mwenzake.

Cheche hakuupenda utani huo. Yeye alikuwa mfiwa wa kweli. Marehemu mumewe alimwachia watoto wawili, na mdogo wa mume huyo, shemeji mchomeleaji, ndiye aliyemwombea kazi hii ya kusaga vyuma. Sasa alisimama akiitazama grenda kwenye sakafu iliyolowa mvua, na tuseme ukweli, aliogopa. Aliwaza watoto wakirudi kutoka shuleni na kuukuta mlango umefungwa. Nani angewafungulia?

Wenzake walipotoka kwenda kula, aliitia grenda kwenye mfuko wa saruji, akavuka barabara hadi kibandani kwa fundi wa mota.

"Hii tena?" fundi akasema kabla hajaifungua.

"Umewahi kuiona?"

"Si yule mchomeleaji wenu mrefu aliileta juzijuzi. Nikamwambia waya wa ndani umeungua, unagusa chuma cha kichwa. Akanibembeleza nibandike utepe wa gundi ya umeme. Gundi yenyewe ndiyo hii, imeyeyuka."

Cheche alijua ni shemeji yake. "Basi itengeneze vizuri."

"Nikiisuka mota upya, utanilipa karibu bei ya mpya. Na gamba limepasuka, maji yanaingia. Hela naitaka, dada, lakini si ya namna hiyo. Tafuta nyingine."

"Na nikiendelea nayo hivihivi?"

"Ukiwa na viatu, itakutania tu. Pekupeku kwenye maji..." Fundi alikaza skrubu ya mwisho, akamrudishia mashine.

Alimkuta shemeji yake nyuma ya karakana, akitafuna bila hamu.

"Shemeji, ulijua."

Alimeza kwanza. "Nilijua."

"Ukaniachia mimi! Mke wa kaka yako!"

"Ningefanyaje? Mke wangu ana kichanga cha wiki tatu. Nikasema wewe una mkono mwepesi, utawahi kuachia."

"Nakwenda kumwambia bosi."

"Mwambie! Unakumbuka ile drili? Mfiwa alileta mpya, na ile mbovu bosi akaifunga gundi, zikatumika zote mbili. Utalipa, na hii itarudi kazini vilevile." Akashusha sauti. "Nyamaza, shemeji. Mchana huu Kasuku ataichukua kutolea kutu. Ikimfia, imemfia. Wewe utakuwa umepona."

Cheche alitaka kumtukana. Kilichomtisha ni kwamba maneno yale yalimtuliza. Ulikuwa msaada kutoka kwa ndugu, na moyo wake uliupokea kwa mikono miwili. Alirudi kazini akijiambia kwamba hata yeye aliachiwa, kwamba Kasuku ni mtu mzima, kwamba yeye hakuitengeneza dunia.

Kasuku alikuwa fundi wa kupaka rangi. Walimwita hivyo kwa sababu hakuacha kuimba, na nyimbo zenyewe hakuzijua hata moja mpaka mwisho. Alifuta chuma kwa tambara lililolowa kabla ya kutoa kutu, na alifanya kazi pekupeku ili viatu vyake visiingie rangi. Alikuja hivyo, miguu ikiacha nyayo za maji sakafuni, akanyoosha mkono unaodondoka matone.

"Cheche, mama, nipe hiyo grenda nimalize, niwahi nyumbani."

Akampa. Naam, alimpa. Aliona kidole cha Kasuku kikipapasa swichi na mkono mwingine ukitafuta plagi. Akamrukia, akampokonya, akaibwaga grenda juu ya fuawe ya kufulia vyuma, akaokota nyundo kubwa na kuipiga. Gamba likasambaratika. Akapiga tena, na tena, hadi waya za shaba zikamwagika nje, mahali ambapo gundi isingezirudisha.

Bosi akatoka ofisini na simu sikioni.

"Nani kafanya hivi?"

"Imenifia mimi," Cheche alisema. "Ilikuwa inapiga shoti."

"Inapiga shoti?" Bosi akawageukia wengine. "Kuna mwingine imempiga?"

Mkataji vyuma alitazama dari. Shemeji alivuta miwani yake myeusi ya kuchomelea, akaishusha machoni ingawa hakuna kilichokuwa kinawaka.

"Basi. Utaleta mpya," bosi akasema. "Na geti la watu litatoka leo. Tumieni tupa za mkono." Akarudi kwenye simu yake.

Hakuna aliyekuja kumpa mkono wa pole. Cheche alichukua tupa, akaanza kusaga mshono. Kasuku alichuchumaa upande wa pili wa geti na kipande cha msasa, amefura kwa hasira, hana wimbo.

"Roho mbaya tu," akamwambia. "Mtu unamwomba kitu dakika mbili, unakivunja. Sasa nitasugua kutu kwa mkono mpaka giza."

Cheche aliitazama mikono ya Kasuku, ile iliyolowa, ikienda na kurudi juu ya chuma.

"Sugua tu, kaka," akasema. "Sugua."