Miche Kumi na Miwili ya Sabuni

Makokha alikuwa amefagia chumba mara tatu tangu atoke kazini, na bado aliona vumbi. Dada yake Maximilla alikuwa njiani kutoka Sirisia, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, aje amtembelee Ijumaa hiyo hadi Jumapili. Naye Maximilla ni mwanamke wa kupitisha kidole juu ya meza ya mtu kabla hajaketi. Kwa hiyo alifagia. Alikuwa ameazima godoro kwa jirani yake Nangobi. Alikuwa amenunua samaki, ngege wawili wakubwa, hapo hapo Wanyange alipopanga chumba, akawapaka chumvi yote iliyobaki ndani ya nyumba. Miezi saba alikuwa Jinja akitengeneza mitambo katika kiwanda cha nguo, na hakuna mtu wa damu yake aliyewahi kuuona mlango wake.

Mlango ulipogongwa hakuwa Maximilla. Alikuwa Ouma, dereva wa lori, Mkenya mwenzake, bado ana vumbi la safari mpaka kwenye nyusi.

"Makokha, dada yako wamemshika Mbale."

"Wamemshika nani?"

"Polisi. Kwenye kizuizi, ile barabara ya kutoka mpakani Lwakhakha. Wamekuta sabuni kwenye kikapu chake, miche kumi na miwili. Wanasema ni magendo. Alinipigia kelele nikipita, akasema mwambie Makokha nitachelewa kidogo."

Makokha akaketi juu ya godoro la watu. Sabuni! Ni yeye aliyeileta balaa hii. Katika barua aliyompelekea dada, akimwomba karani wa kiwandani amwandikie, alisema kwamba siku hizi Jinja watu wanafua kwa majani ya mpapai, na shati lake jeupe sasa lina rangi ya udongo. Aliandikisha hivyo ili dada acheke. Lakini mwambie dada mkubwa wa Kibukusu kwamba mdogo wake, tena aliyefiwa na mke, hana sabuni, halafu ungoje uone kama atakuja mikono mitupu. Kwao mgeni wa namna hiyo huja na kikapu kizito, na kikapu chepesi ni tusi.

Hasira ilimpanda Makokha mpaka masikio yakalia. Nchi hii ilikuwa na viwanda vya sabuni. Makokha mwenyewe aliwahi kuvisikia vikinguruma usiku na mchana. Kisha wakubwa wakawafukuza wenye navyo, wakagawana funguo kama watu wanaogawana nyama ya arusi, na katika wote waliopewa funguo hakuna hata mmoja aliyejua mashine inawashiwa wapi. Sabuni ikaisha. Halafu wakubwa hao hao wakatunga sheria kwamba anayekutwa na sabuni ni mwizi wa uchumi.

Alfajiri ya Jumamosi alipanda basi la Mbale. Alikuwa ameapa hatakanyaga tena mji ule alikofanya kazi kwanza. Mke wake Roselyn alifia huko mwaka uliopita, kwenye barabara ya viwanda, akitoka kumpelekea yeye chakula cha mchana. Ndiyo maana alihamia Jinja. Sasa basi lilisimamishwa mara nne, na mara nne abiria walishuka, wakapekuliwa, wakapanda. Alifika saa saba.

Kituo kilikuwa kidogo, vyumba viwili na baraza, na nyuma yake safu ya nyumba za mabati za askari. Maximilla aliketi barazani juu ya benchi, kitambaa chake cha kichwa kimefungwa vizuri, kama mtu anayengoja misa ianze.

"Karibu kwangu," alisema. "Keti. Chai sina, lakini benchi lipo."

"Dada!"

"Umekonda. Huko kiwandani wanakulisha nini, uzi?"

Makokha hakujua acheke au alie. Kabla hajajua, koplo alitoka ndani akikaza mkanda. Mwanamume mnene, bado kijana, kwa jina Ignatius.

"Mzee, wewe ni nani yake?"

"Ni ndugu yake, afande."

"Asante Mungu. Huyu dada yako iko na kichwa ya jiwe. Mimi nimemwambia, mama, tia sahihi hapa, wacha sabuni, rudi kwenu. Kazi imekwisha. Yeye anakataa. Tangu jana anakataa! Na saa kumi lori ya jeshi inakuja kuchukua watu wa magendo. Ikichukua yeye, mimi siwezi kusaidia tena. Huko sijui wanapelekwa wapi. Sema na yeye." Akamwekea Makokha karatasi mapajani, akaingia ndani.

Makokha aliishika karatasi kama kitu cha moto. Kusoma hakujua.

"Dada, tia sahihi."

"Hapo chini kuna nambari. Nambari unazijua. Ni ngapi?"

"Nne."

"Na mimi nilikuja na ngapi?"

"Ouma alisema kumi na mbili."

"Basi." Maximilla alikunja mikono. "Nilibeba miche kumi na miwili kutoka Sirisia, mgongo bado unauma. Kama ni kosa, waandike kosa lote. Siwezi kuwa mwizi wa miche minne ili wao wawe wezi wa minane."

"Dada, hivi wewe unajua uko wapi? Hapa si jikoni kwa masista!" Maximilla alikuwa mpishi wa shule ya misheni, na huko hata sista mkuu alimwogopa. "Hawa wakikupandisha kwenye lori, hutaonekana. Nambari ni nini? Andika nne, andika moja, andika hujawahi kuona sabuni tangu uzaliwe, twende zetu!"

"Sitii sahihi."

"Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako ndiyo kabisa sitii. Wewe ulishatia ya ukoo mzima."

Makokha aliitazama karatasi mapajani. Alijua dada anasema nini. Alitumaini miezi yote hiyo kwamba nyumbani hawajui.

Roselyn aligongwa na Landrova ya jeshi iliyopanda kwenye ukingo wa barabara, dereva akiwa na chupa mkononi. Watu wa viwandani waliona, zaidi ya ishirini. Kesho yake ofisa mmoja alimletea Makokha karatasi iliyopigwa taipu, iliyosema marehemu alikuwa amelewa, akajitupa barabarani. Roselyn, ambaye hakuonja pombe ya busaa hata kwenye arusi yake mwenyewe! Makokha alitia kidole.

"Hawakutaka kunipa mwili," alisema, na sauti yake haikuwa kubwa. "Walisema nisipotia kidole, watamzika wenyewe. Siku ya tatu, Maximilla. Na joto la Mbale unalijua. Ungefanya nini wewe na kichwa chako cha jiwe?"

Dada alikaza fundo la kitambaa chake.

"Sijui," alisema. "Labda ningetia. Lakini mama yake Roselyn anaulizwa sokoni kama ni kweli binti alikuwa mlevi. Hilo ninalijua, kwa sababu nilikuwa nimesimama naye."

Makokha aliinuka. Hakuweza kuketi karibu naye. Alishuka barazani, akazunguka nyuma ya kituo atafute mahali pa kupumulia, na hapo ndipo alipoona mfereji. Maji meupe yalikuwa yakitiririka kutoka kwenye nyumba za mabati, yana povu zito, povu la kweli, linalopasuka taratibu juani. Mama mmoja alikuwa akifua shuka, na kamba yote ya nguo nyuma yake ilikuwa nyeupe kama siku ya ubatizo. Mji mzima ulikuwa unanuka jasho, na hapa mtu anafua shuka nne kwa siku moja!

"Habari za kazi, mama," alisema Makokha.

"Nzuri. Afande Ignatius ametuletea baraka," mama alijibu akicheka. "Nyumba nane, kila mtu mche wake!"

Makokha aliangalia lile povu mpaka likamfika miguuni. Alikuwa mtu wa mashine. Mashine ikigoma, alikuwa na tabia ya kuacha kuipiga na kujiuliza ni sehemu gani inayobeba uzito. Koplo ana mpaka saa kumi. Kwa nini anahangaika hivi, kama lori litamchukua mama mmoja tu wa Kikenya asiyemhusu? Kwa nini tangu jana anabembeleza sahihi? Bila sahihi hiyo, ile minane aliyoigawa haina pa kujificha.

Alirudi barazani kwa hatua ndefu, akaketi kwenye benchi, bega kwa bega na dada yake.

"Afande!" aliita.

Koplo alitokeza. "Ametia?"

"Hapana. Tunangoja lori."

"Nini?"

"Tunangoja lori, wote wawili. Wanajeshi wakifika, dada yangu atawaambia alikuja na miche kumi na miwili. Wewe utawaonyesha minne. Halafu mimi nitawapeleka hapo nyuma, kwenye kamba ya nguo. Wao pia wana wake, afande. Wao pia wana shuka chafu."

Uso wa koplo ulibadilika. Alitazama barabarani, akatazama saa yake, akatazama tena barabarani.

"Mzee, wewe unataka kuniua?"

"Mimi? Mimi ni mtu wa kutia kidole tu."

"Lori ikikuja itachukua na wewe!"

"Ichukue. Gari la serikali lina nafasi nyingi. Na wewe utapata yako."

Maximilla alimgeukia ndugu yake polepole. Alisogea kidogo, akampa nafasi zaidi kwenye benchi.

Dakika nyingi zilipita. Koplo aliingia, akatoka, akaingia. Ilipofika saa tisa na nusu alitoka na kikapu, akakitupa miguuni pao. Ndani mlikuwa na miche minne. Karatasi aliichana vipande vinne, vipande akavitia mfukoni.

"Ondokeni! Mama, uvuke leo, leo hii. Nikikuona hapa kesho, sikujui."

"Na minane?" Maximilla aliuliza.

"Dada, twende," Makokha alisema akimvuta mkono.

"Nauliza tu. Waambie wasifulie yote siku moja."

Ikawa hivyo ziara ya Maximilla. Ngege wawili walikuwa wanaoza Wanyange, godoro la Nangobi halikulaliwa, na chumba kilichofagiwa mara tatu hakikuonwa na mtu. Siku alizoombea ruhusa kwa masista alizimaliza juu ya benchi la polisi, kwa amri ya watu wasiojua hata jina lake. Walitembea mpaka zinapopakilia gari za Lwakhakha, za kwenda mpakani. Pikapu ilikuwa karibu kujaa. Watu saba, magunia, kuku mmoja. Kando ya barabara, kama hatua hamsini, askari wawili wenye bunduki walikuwa wakila ndizi za kuchoma.

Maximilla alipanda, akaweka kikapu kati ya miguu.

"Nilikusema vibaya," alisema. "Kuhusu Roselyn."

"Ulisema kweli."

"Njoo nyumbani, Makokha. Panda hapa hapa."

Hakupanda. Alishika ubavu wa pikapu kwa mikono miwili, akawatazama wale watu saba, wote wageni kwake.

"Mke wangu hakuwa mlevi," aliwaambia kwa Kibukusu. "Anaitwa Roselyn. Aligongwa na Landrova ya jeshi, hapo kwenye barabara ya viwanda, anatoka kuniletea chakula. Aliyelewa ni dereva."

Watu waliinamisha vichwa. Mama mmoja alimvuta kuku wake karibu. Dereva alitoa kichwa dirishani. "Mzee, tafadhali. Tuna watoto."

"Makokha," dada alinong'ona, na kwa mara ya kwanza tangu jana alikuwa anaogopa. "Inatosha. Nimesikia. Nitamwambia mama yake."

"Haitoshi."

Dereva aliwasha injini. Pikapu ilichomoka, mikono ya Makokha ikabaki hewani, na Maximilla akiwa amesimama juu ya magunia akimpungia, akimwashiria anyamaze. Wale askari wawili walikuwa wameacha kula. Makokha aliwageukia, akavuta pumzi, akaanza tena tangu mwanzo, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusema juu ya kelele za mashine. Safari hii alisema kwa Kiswahili, ili nao waelewe.