Kuku Walivyokula Injini ya Kushoto

Mhaya akikwambia ananunua ndege, unamuuliza ya rangi gani, kisha unaendelea na shughuli zako. Ndivyo walivyofanya majirani wa Gozbert kule Madale, Dar es Salaam, na wala si kwa ubaya. Walikwisha kusikia habari za ghorofa lenye lifti na bwawa la kuogelea, na hadi leo lifti na bwawa havijaonekana. Lakini safari hii mtu mzima alikuwa anasema kweli. Biashara yake ya mabondo ya sangara, vile vibofu vya samaki vinavyopelekwa China, ilikuwa imemnyookea, kila wiki alitakiwa Mwanza, Musoma au Bukoba, na leseni ya urubani alikuwa nayo mfukoni. Aliipata akiwa amepita hamsini, mwanafunzi mwenye mvi kuliko walimu wake.

Biashara ndiyo sababu aliyowapa watu. Sababu yenyewe ilikuwa mke wake.

Kokushubila alikuwa hapandi ndege. Mara moja tu alijikaza akafika hadi kwenye ngazi, akashika rozari, akasali fungu la kwanza, akageuka akarudi alikotoka. Abiria wote walikaa wakijipepea mpaka sanduku lake likatafutwa kwenye tumbo la ndege na kushushwa. Kusafiri kwa basi nako mgongo wake ulikuwa umekukataa. Na mama yake mzazi, Bibi Rosalia, yuko Kamachumu mkoani Kagera, miguu imekwisha na macho yanafuata. Kila akipiga simu anauliza swali lile lile, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya sukari: "Utanikuta?" Kokushubila akishakata simu hiyo huwa hali, hanywi, na wala hataki kuulizwa ana nini. Gozbert aliyavumilia mengi katika ndoa, lakini hilo lilimshinda.

"Nitakupeleka mwenyewe," alimwambia siku alipopata leseni.

"Na hicho kidege cha injini moja? Ikizimika nishuke nikusukume?"

"Na zikiwa mbili?"

"Zikiwa mbili tutaongea, Baba Noela."

Alisema hivyo ili amnyamazishe ale ugali wake kwa amani. Gozbert akaondoka mezani kwenda kutafuta mbili.

Basi Jumamosi moja alasiri, Kapteni Tupokigwe alipanda kilima cha Madale kuja kumsaidia kuchagua. Tupokigwe alikuwa rubani, mwalimu wa Gozbert wa ndege za injini mbili, na wakala wa kuuza ndege, mwanamke wa Kinyakyusa asiyecheka ovyo. Ndege zilizokuwa sokoni zilikuwa mbili: moja ya viti sita iko Nairobi, nyingine ya viti vinne iko Afrika Kusini. Gozbert alikuwa ameshaipenda ya viti sita kwenye picha, tena aliipenda kwa sababu ya ngozi ya viti.

"Mzee, ndege haichaguliwi kwa picha," Tupokigwe alisema. "Inachaguliwa kwa makalio. Nipe unga na viti vya plastiki."

Akachora ndege uani kwa unga wa ugali: pua, mkia, mabawa mawili, na juu ya kila bawa duara kubwa la injini. Ndani akapanga viti sita, viwili viwili. Ilikuwa ndege nzuri hata ikiwa ya unga, na Gozbert alipoketi kiti cha mbele kushoto moyo ulimpaa kabla ya kitu kingine chochote kupaa.

Mzani uliletwa na Sultan, jirani na rafiki, mwenye duka la jumla Tegeta tangu enzi za babu yake aliyetoka Yemen. Ulikuwa mzani wa kupimia magunia ya mchele. Sultan aliushusha kwenye pikapu, akaambiwa ahsante, akavuta kiti. Mambo ya namna hii hayaachwi yakapita hivi hivi.

"Abiria ni nani na nani?" Tupokigwe aliuliza.

Gozbert alikuwa amejiandaa. "Mimi. Mama Noela. Kaka yangu mkubwa. Shangazi wawili wa Mama Noela, maana wakisikia tumeruka bila wao patachimbika. Na paroko."

"Paroko wa nini?"

"Wa kushuka naye! Kapteni, mkwe hashuki ukweni peke yake kama mtu aliyefukuzwa kazi. Unashuka na ujumbe wa watu."

Kutoka barazani, ambako Kokushubila alikuwa anachambua mchele huku akijifanya hasikilizi, kilisikika kicheko kifupi. Yeye alikuwa amekwisha kutangaza kwamba hapimwi, kwa kuwa yeye si gunia. Gozbert alipimwa, Sultan akapimwa kwa niaba ya kaka mkubwa, na shangazi wawili, paroko na Kokushubila wakakadiriwa tu, kwa huruma kubwa. Tupokigwe akaongeza mafuta, akafikiri kidogo, akafuta mikono.

"Ujumbe wako utaishia Singida."

"Singida nina nani mie?"

"Ndiyo hivyo. Viti sita si watu sita, mzee. Ukijaza watu, unapunguza mafuta. Ukijaza mafuta, unawashusha watu. Ukijaza vyote, ujue injini moja ikikuachia, ile ya pili kazi yake ni kukusindikiza tu mahali pa kuangukia. Injini mbili zinamsaidia asiyezidisha mzigo."

Mchele ulinyamaza barazani. Gozbert alisikia ulivyonyamaza. Miaka miwili ya masomo, safari za Nairobi, usiku wa kukariri mawingu kwa majina yake, na sasa Kapteni anamwambia mke wake, kwa sauti inayosikika hadi Bunju, kwamba injini ya pili ni ya kusindikiza! Alitaka kusema kitu cha kuokoa jahazi, na kwa bahati mbaya alichokisema ni hiki: "Lakini ngozi ya viti ni nzuri."

Wakati huo kuku wa nyumbani, watano pamoja na jogoo, walikuwa wamegundua kwamba uani pamemwagwa chakula. Walianzia ncha ya bawa la kushoto na kusonga mbele kwa nidhamu, wakidonoa.

"Ya Rabi!" Sultan akaruka. "Bwana Gozbert, injini yako inaliwa!"

Na kweli, duara la kushoto lilikuwa limebaki nusu, na jogoo amesimama juu yake. Sultan akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Hata Tupokigwe aligeuka kando, mabega yakimtikisika. Ndipo Kokushubila akaweka ungo chini, akashuka ngazi za baraza, akatembea moja kwa moja hadi kwenye ndege. Akanyoosha mguu na kufuta kwa kandambili nusu ya injini iliyobaki.

"Haya," alisema, amemkazia macho mumewe. "Imekufa. Sasa?"

Inafaa msomaji ajue Gozbert alikuwa dereva wa namna gani. Geti la nyumba ile alikuwa amelibamiza kwa gari mara tatu, mara mbili akiwa anaingia na mara moja akiwa anaongea. Fundi wa kuchomelea alikuwa akimwona tu anaanza kuwasha mashine. Mke wake alikuwa amekaa pembeni yake barabarani miaka yote hiyo, akifunga breki kwa mguu wake mwenyewe upande usio na breki.

Lakini Kokushubila alipouliza "Sasa?", Gozbert hakuropoka. Alikaa wima. Mguu wake wa kulia ulikwenda mbele ukasukuma vumbi kama pedali na kubaki pale. Wa kushoto ukalala. Mkono mmoja ulishika usukani usiokuwepo, mwingine ukasogea polepole, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya chini, wala haikuwa na haraka. Mke wake hakuwahi kuisikia.

"Kwanza inyooke. Pua chini kidogo, mwendo usipotee. Mguu wa kulia unaizuia isipinde, wa kushoto hauna kazi, kwa hiyo iliyokufa ni ya kushoto. Sigusi kitu kabla sijahakikisha. Nahakikisha. Ni ya kushoto. Nayalaza mapangaboi yake yasikinge upepo yakaturudisha nyuma. Ya kulia inavuta. Sasa natafuta uwanja wa karibu. Usiogope, Mama Noela, tunashuka Dodoma, tunakunywa chai."

Jogoo peke yake ndiye aliyeendelea na kazi.

"Anafanyaga hivyo kila siku?" Kokushubila alimuuliza Tupokigwe.

"Kila siku, mama. Nimemzimia injini angani mara nyingi bila kumwambia. Huwa anakuwa hivyo hivyo. Anakera akiwa chini tu."

"Chini namjua," alisema Kokushubila.

Alizunguka mkia wa ndege, taratibu, mikono nyuma, anavikagua viti kama mtu anayenunua ng'ombe. Gozbert hakuthubutu kugeuka. Alimsikia anasimama nyuma yake.

"Nyie mnapima kwenda tu," alisema. "Na kurudi je?"

"Kurudi ni vile vile," Gozbert alisema.

"Waitu, Baba Noela! Umeoa kwetu lini? Utatoka kwa mama yangu mikono mitupu? Kuna ndizi. Kuna maharage, kuna senene, kuna dumu la pombe ya rubisi. Ukikataa hata mkungu mmoja atasema tumeringa kwa sababu ya ndege. Hao shangazi na paroko watakaa juu ya ndizi?"

Tupokigwe alimtazama kama mwalimu aliyempata mwanafunzi wake mwishoni mwa muhula. Akaondoa viti viwili vya nyuma, akavisogeza vilivyobaki, akaufuta mkia na kuuchora karibu zaidi.

"Hii ni ile ya viti vinne. Injini mbili, zinakunywa mafuta yale yale ya ndege kubwa, na hayo huko ziwani yapo. Watu wawili mbele. Nyuma mzigo."

"Haina ngozi," Gozbert alinung'unika.

"Ndizi hazihitaji ngozi," mkewe akamjibu. "Na mabondo yako yanakaa mfuko wa nyuma kabisa. Sitaki kunuka mbele ya mama."

Gozbert alihesabu maneno hayo kichwani, akayarudia. Sitaki kunuka. Si sitaki kupanda. Furaha ilimpanda ghafla na kichwa kikawa chepesi, akashikilia usukani wake wa hewa asije akainuka na kuharibu kila kitu.

"Na mie, shemeji?" Sultan aliuliza. "Mzani nimeleta mie."

"Wewe ni mikungu minne, Sultan. Utatusindikiza mpaka uwanjani."

Kisha, bila kuombwa na mtu, Kokushubila akavua kandambili na kupanda juu ya mzani. Gozbert akatazama mwembe wa jirani. Sultan, mtoto wa watu mwenye adabu zake, aliinama haraka akafunika namba kwa kofia, akachungulia chini yake, akamnong'oneza Kapteni sikioni. Tupokigwe akapiga hesabu.

"Inatosha, mama. Mafuta kamili, watu wawili, na mikungu miwili ya kurudi nayo. Miwili tu."

"Miwili!" Kokushubila aliguna. "Hilo nitalisema mimi, maana huyu hataweza."

Akakivuta kiti cha mbele kulia, akakipangusa unga, akaketi. Akatoa simu. Ilipopokelewa alizungumza Kihaya, kwa sauti ya juu anayoitumia kwa masikio ya mama yake. Kwanza aliuliza miguu, halafu macho. Halafu akasema asikate ndizi nyingi, mikungu miwili tu, wala asigombane, ni amri ya rubani. Ndiyo, rubani. Ndiyo, mama, ndege. Ndiyo, ni huyo huyo Gozbert wa geti.

Sauti ya bibi ikaja, nyembamba, ikasikika na wote hadi nje ya simu: si wewe uliyesema huwezi kupanda?

Kokushubila alitazama nyayo zake zilizojaa unga, akatazama bawa lisilo na injini, akatazama mguu wa kulia wa mumewe.

"Nimeshapanda, mama," alisema. "Nimekaa mbele. Nitakukuta."

Gozbert alikuwa bado amesukuma mguu wake wa kulia mbele, ganzi imemshika hadi kwenye nyonga, na hakuuondoa mpaka mke wake alipomaliza kuongea.