Kitufe cha Mabosi

Fundi wa mtandao wa hospitali ile alikuwa na dharau ya kutosha ofisi nzima, na nyingine ya kugawia majirani. Daktari aliyesahau nywila yake alikuwa kichwa maji. Karani aliyechomoa waya wa mtandao ili apate pa kuchajia simu alikuwa na jina ambalo halitamkwi mbele ya watoto. Ila dharau yenyewe hasa aliiweka kwa watu wawili: bosi wake, na jamaa mmoja wa mbali asiyemjua sura, mwenye programu.

Programu hiyo ilikuwa ya bure, imeandikwa na watu wa kujitolea huko na huko, na kazi yake kuchunga mtandao. Kila swichi ya hospitali, kisanduku kinachogawa mtandao kwa kompyuta za wodi, ilikuwa na kidoa chake kwenye skrini: kijani, iko hai; chekundu, imekufa. Safi kabisa, isipokuwa haikujua kutuma ujumbe kwenye simu. Kwa hiyo fundi alishinda ofisini akivikodolea macho vidoa kama mtu anayechunga maziwa motoni. Na mkewe alikuwa mjamzito wa kujifungua wakati wowote. Alichotaka fundi ni kimoja tu: siku hiyo ikifika akae na mkewe, simu imwite kukiwa na kilichokufa.

Akaandika ombi kwenye ukurasa wa programu, kwa adabu zake zote. Jamaa akamjibu: "Hatuoni umuhimu wake. Ukiwa na haraka, kaandike mwenyewe." Akalifunga ombi.

"Huyu anajiona nani?" fundi alimuuliza mkewe, kana kwamba mkewe ndiye aliyejibu.

Bosi naye akaja na lake. Wakaguzi walikuwa njiani, naye alitaka skrini nyingine kama ile itundikwe mapokezi, lakini isiwe na wekundu wekundu.

"Ukininunulia swichi mpya, itakuwa kijani," fundi akasema.

"Mimi sizungumzii swichi. Nazungumzia rangi."

Fundi alirudi nyumbani amevimba kwa hasira, akaandika ombi la pili: "Tunaomba kitufe cha mabosi. Bosi akikibonyeza, vidoa vyote viwe kijani, vya swichi zilizo hai na zilizokufa, mheshimiwa apate usingizi." Akawasomea mkewe na mama mkwe, aliyekuja kumsubiri mjukuu. Mkewe alicheka akishika tumbo. Mama mkwe hakucheka.

"Na wakikupa?"

"Mama, mjinga gani atatengeneza kitu kama hicho?"

Wajinga walikuwepo, tena tele. Mafundi wa kila pembe, kila mmoja na bosi wake, waliliunga mkono ombi lile kwa vicheko. Toleo jipya likatoka: ujumbe wa simu hakuna, kitufe cha mabosi kipo. Fundi akaliweka, akamwita bosi aje ajionee.

"Hiki wametengenezewa watu kama wewe, mheshimiwa," alisema, midomo imempinda kwa kejeli.

Bosi akampa mkono. "Nilijua unanielewa."

Uchungu ulimshika mkewe siku ileile ya wakaguzi. Fundi alimfikisha wodi ya wazazi, akamwacha na mama yake, akakimbilia ofisini. Angependa kubaki, lakini vidoa vingechungwa na nani? Alikuta skrini yote kijani, hata kidoa cha wodi ya wazazi, swichi korofi kuliko zote. Akashusha pumzi, akakaa.

Mama mkwe akatokea mlangoni, viatu mkononi.

"Mwenzio anatoka damu. Nesi anaagiza damu maabara kwa kompyuta, haiendi. Wodi nzima haina mtandao."

"Haiwezekani, mama. Ona, kijani."

Mama aliitazama skrini, kisha akamtazama yeye. "Mimi nimetoka huko kwa miguu yangu."

Hapo ndipo fundi alipoona maandishi madogo pembeni: kitufe cha mabosi kimebonyezwa. Bosi alikuwa amepita. Fundi alitimua mbio. Swichi ya wodi ilikuwa imekufa kitambo, baridi kabisa, na alipomaliza kuifufua damu ilikuwa imeshafika. Mama mkwe alikuwa amemwambia nesi aache kompyuta akaifuate mwenyewe. Mke na mtoto wakapona bila msaada wowote wa fundi.

Akiwa kando ya kitanda, mtoto mkono mmoja, simu mkono wa pili, aliandika ombi la tatu, safari hii bila mzaha: kitufe kile kiondolewe, kitaua mtu. Jibu halikukawia. "Hatuoni umuhimu wake. Watu wanakipenda kuliko vyote. Ukiwa na haraka, kaandike mwenyewe."

"Wamesemaje?" mama mkwe akauliza.

Akampa simu. Mama alisoma taratibu, akapandisha ukurasa hadi juu, kwenye ombi la kitufe, lililoanzisha yote.

"Na huyu aliyekiomba," akasema, akimrudishia simu na kumchukua mtoto, "mbona hawakumwambia akaandike mwenyewe?"