Nyeusi ya Arobaini

Gauni alilomzikia mumewe lilikuwa la kuazima kwa dada yake, na dada mtu hakukosa siku ya kumkumbusha. Kwa hiyo Poliksene aliapa: arobaini ya Stergios haitamkuta kwenye nguo ya mtu. Atanunua kitambaa chake, cheusi cha kweli, na atakishona mwenyewe kabla ya ibada ya Jumapili.

Anthula, bintiye, alitaja duka la nguo zilizoshonwa tayari.

"Siku ya baba yako nivae nguo ya kutundikwa?" mama akasema. "Twende Bezesteni, kwa Prodromos."

Chini ya makuba ya lile soko la vitambaa hata saa sita mchana ni giza, na wafanyabiashara wa Thesaloniki wanajua kwamba taa zake zinadanganya. Mzee Prodromos, aliyekuwa jeshini pamoja na marehemu, alinyoosha mkono rafu ya tatu bila hata kutafuta, akashusha jora la sufu.

"Hii hapa, shemeji. Nyeusi tii. Lakini usiniamini mimi, twende mlangoni ukalione juani."

Ndiyo desturi yao. Wakatoka wote watatu, mzee akakunjua kitambaa kwenye jua la Mei, na kilikuwa buluu. Buluu ya sweta za shule. Anthula akasubiri mzee acheke, arudi ndani akalete jora jingine.

"Umeona?" mzee akauliza. "Makaa."

"Makaa matupu," akajibu mama, ambaye mtoto wa jicho lake alikuwa kwenye foleni ya upasuaji tangu Krismasi.

Anthula akashika ncha ya kitambaa. "Mzee, tujaribu jora jingine? Naona kama hili lina ubuluu kidogo."

Prodromos akamtazama kwa huzuni. "Binti yangu, bibi yako alimzika babu yako kwa kitambaa changu. Lini niliwauzia rangi ya harusi?"

"Msamehe, shemeji," mama akasema, huku akimfinya Anthula mkononi. Anthula alikuwa na miaka arobaini na sita. "Huyu hata kifungo hajui kushona."

"Ni hizo simu. Zimewamaliza macho."

Wazee wakacheka, na mkasi ukapita.

Walipokuwa wanakunywa kahawa, Lazaros, muuza mapazia wa duka la pili, alimwita Anthula pembeni.

"Nimeona," akanong'ona. "Mwaka wa pili sasa haoni rangi. Kila asubuhi, kabla hajafika, tunampangia majora. Nyeusi rafu ya tatu, yeye anajua kwa mkono. Jana vijana wamepangusa vumbi, wakarudisha ovyo."

"Kwa nini hamumwambii?"

"Mwambie wewe, basi."

Anthula akamtazama mzee Prodromos akimwekea mama sukari kwenye kahawa. Lazaros akamkatia kitambaa chake, cheusi hasa, akakitia kwenye mfuko wa mama; kile cha buluu Anthula akakificha kwenye mkoba wake.

Nyumbani mama alikitandaza mezani. Hakukitazama. Alikisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kama alivyosugua vitambaa vya watu miaka thelathini aliyokuwa fundi cherehani, na uso ukamwanguka.

"Hii si sufu, hii nailoni. Prodromos kanibadilishia." Akaketi. "Kanipunja mimi, kwa arobaini ya Stergios. Hata yeye."

Alitaka mkongojo wake arudi sokoni saa hiyohiyo akamuulize mbele za watu. Anthula alizunguka meza mara mbili akitafuta uongo mwingine, akaukosa. Maji yalikuwa yamezidi unga. Akafungua mkoba.

"Nilikosea mfuko, mama. Hicho nilinunua cha mapazia. Chako hiki."

Mama akakisugua, akakiweka shavuni. "Enhe. Huyu ndiye Prodromos. Niliingiwa na shetani gani mimi?"

Alishona siku mbili. Kazi ya Anthula ilikuwa kumtungia sindano, na kila mara mama aliuliza, "Uzi mweusi huo?" na kila mara Anthula alijibu, "Mweusi, mama," akitunga uzi wa buluu, angalau mishono isionekane. Alijichukia, akaendelea kutunga.

Jumapili ua wa kanisa ulijaa jua. Wanawake wote walikuwa wamevaa nyeusi, kama mbegu za papai, na Poliksene akapita katikati yao, buluu mpya iliyopigwa pasi, sinia la ngano iliyochemshwa ya kumkumbuka marehemu mikononi. Mazungumzo yakakatika. Dada mtu akafungua mdomo. Anthula akamtazama kwa macho ya kuomba, naye, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaufunga.

Mama akasimama. "Mbona kimya?"

"Wanakutazama, mama."

Poliksene akanyoosha mgongo, akaweka sawa sinia.

"Si nilikwambia," akasema taratibu. "Nyeusi ya kweli watu huijua."

Anthula akamshika kiwiko, wakapanda ngazi.