Tandiko la Msumari

Wanafunzi wake walimwita Msumari, kwa kuwa juu ya farasi alikaa kama aliyepigiliwa. Alilijua jina hilo na hakulikataza. Katika uwanja wake wa mafunzo hapakuwa na masihara: mwanafunzi mpya alipanda bila vikuku vya kukanyagia wala hatamu za kushikilia, mikono kifuani, farasi akizungushwa kwa kamba ndefu, mpaka nyonga zake zijifunze kuufuata mgongo wa mnyama. Na yeyote aliyekaa upande hata akamtia farasi kidonda alishushwa, asipande tena. Kwa sheria hiyo alimshusha mpwa wake mwenyewe, na dada yake akamnunia kwa muda mrefu.

Kisha kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Alipoweza kutembea kwa mkongojo, alibaki na haja moja tu: awe juu ya farasi, mbele ya wanafunzi, siku uwanja utakapofunguliwa baada ya likizo. Binti yake, aliyemfundisha mwenyewe tangu utotoni, akaishika kamba.

"Njoo kulia, Baba."

"Nikija kulia zaidi nitaanguka, mama."

"Umelala kama mlango uliong'oka bawaba."

"Mlango huu ndio uliokufundisha kukaa. Hebu mzungushe farasi."

Daktari alikuwa amewaeleza bila kuficha. Maradhi yalikuwa yameiharibu ile hisi inayomjulisha mtu kwamba amesimama wima. Akiwa amenyooka, mwili ulimwambia anaanguka. Akiinama, ulimwambia ametulia. Msumari alimsikiliza kwa adabu, akatoka, akaendelea na mazoezi. Kila asubuhi alilegeza kiuno, akashusha visigino, akatafuta mifupa miwili ya makalio kwenye ngozi ya tandiko, akaupata mmoja. Farasi, jike la kijivu lenye subira, alivutika kushoto ulikokuwa uzito.

Asubuhi moja akakaa sawasawa. Binti alipiga makofi, ingawa macho yake hayakuinuka kutoka kwenye kamba.

"Sasa ndiyo wewe, Baba!"

Msumari aliingia jikoni akimwita mkewe kwa sauti ya ujana. "Nitolee buti zangu!"

"Buti zile ni nyumba ya panya siku hizi."

"Basi wape panya notisi."

Mkewe alicheka, akazitoa, akazipaka rangi mpaka zikang'aa.

Siku iliyotangulia ufunguzi, Msumari alitaka kumpiga farasi brashi kwa mkono wake. Brashi ilipofika nyuma ya bega la kushoto, mnyama alibonyeza mgongo, akalaza masikio. Msumari akaiweka brashi chini, akapapasa. Pale palikuwa na joto na uvimbe, na katikati ngozi ilikuwa imechubuka, mbichi. Alikwenda kwenye tandiko, akaligeuza. Chini ya upande wa kushoto, kipande cha blanketi kilikuwa kimekunjwa na kushonewa kwa mishono midogo, ya uangalifu.

Binti alimkuta amekishika.

"Nani kashona hiki?"

"Mimi."

"Kwa hiyo sikukaa sawa. Nilikalishwa."

"Nilitaka uone raha siku moja tu, Baba. Sikujua kitamwumiza."

"Ulijua. Nilikufundisha."

Binti akaanza kulia. "Kitapona hicho. Wiki chache tu, kisha tutaanza upya. Sheria ile ni ya wanafunzi, wewe si mwanafunzi!"

"Juu ya huyu mnyama nilikuwa nani, kama si mwanafunzi?" Hakupaza sauti. "Nimeshuka. Lete maji ya chumvi na kitambaa safi. Na usilie karibu naye, utamtia hofu."

Walikiosha kidonda pamoja. Walipomaliza, Msumari alimwomba binti akifumue kile kipande, kwa kuwa vidole vyake vya kushoto havikuweza kushika mkasi.

Siku ya ufunguzi wanafunzi walijipanga kwenye uzio. Binti alipanda farasi mwingine ili awaonyeshe namna ya kukaa, naye Msumari akawekewa kiti kivulini, buti zikiwa miguuni, kwani mkewe alikuwa amemvalisha naye hakupinga. Binti alizunguka bila vikuku, mabega yametulia, kiuno kikienda na farasi kana kwamba ni mwili mmoja. Hata waliofika uwanjani mara ya kwanza waliona uzuri wake.

"Umeinamia kulia," Msumari akaita. "Nyooka."

Wanafunzi wakatazamana. Binti alimsimamisha farasi. Ingekuwa rahisi kusogea kidogo, kumpendeza mzee, kisha kuendelea. Uso wake ulionyesha kwamba alilifikiria jambo hilo.

"Hapana, Baba," akasema. "Nimenyooka. Ni wewe unayeniona vingine."

Msumari alimtazama, kichwa kikijaribu upande huu na upande ule, kikitafuta mahali ambapo binti yake angeonekana amenyooka. Hakikupaona.

"Endelea," akasema, na hakusahihisha mtu tena siku hiyo.