Kidole cha Jumapili na Kidole cha Jumatano

Daktari Inshirah, kama mtaa ulivyomwita mfamasia wake, alipostaafu kazi ya duka la dawa, alimwachia mwanawe funguo, na kabla mwezi haujaisha akanunua udi, ile ala ya nyuzi ya kupakata. Majirani wa jengo lao, mtaani Shubra, walidhani ni wazimu wa kustaafu utakaopita wenyewe, kama ule wa marehemu mumewe aliyefuga njiwa msimu mmoja akawachoka. Haukupita. Mama wa miaka sitini na ushei, magoti yanamlalamikia kila ngazi, alipanda hadi ghorofa ya nne kila Jumatano kwenda kwa Ustadh Labib, wala hakukosa hata siku zile za upepo wa jangwani, Kairo nzima inapokula vumbi.

Ustadh Labib alikuwa mwalimu wa aina ambayo siku hizi watu hawana subira naye. Hakutumia karatasi. Yeye alipiga, nawe ukapiga. Ukikosea alipiga tena, bila kukwambia umekosea wapi, akakukazia macho tu chini ya zile nyusi zake nene. Majira yote ya baridi Inshirah hakufunzwa kitu kingine ila maqamu ya rasti, ngazi ya sauti ya wanaoanza, kuipanda na kuishuka, mpaka mke wa ustadh, Madam Marsil, akawa anaiimba jikoni huku akikaanga bajia za taamiya.

"Labib, mhurumie mwenzio," Marsil alisema siku moja akitua sinia la kahawa. "Hata kichanga cha jirani kimeshahitimu rasti kupitia ukutani."

"Kichanga kije na udi wake, nitakisikiliza."

Inshirah alicheka, ila moyoni hakucheka. Alikuwa na haja yake, na haja yenyewe ilikuwa na haraka. Kila Jumatatu jioni wazee walikusanyika katika sebule ileile kupiga nyimbo za zamani. Hakukuwa na watazamaji wala kipaza sauti. Bwana Shukri, aliyekuwa karani wa mahakama, alishika fidla. Mwingine alikuwa na kanuni, ala bapa ya nyuzi nyingi, magotini, mwingine dufu. Udi zilikuwa mbili, mmoja wa Labib mwenyewe. Mwenye udi wa pili alikuwa amechukuliwa na wanawe kwenda kuishi Kanada, na kiti chake karibu na dirisha kimebaki kitupu. Jumatatu moja Inshirah alikaa jikoni na Marsil akisikiliza, na aliporudi nyumbani hakula chakula cha jioni. Tangu afiwe na mumewe hakuwahi kutamani kitu kama alivyokitamani kiti kile.

Alijikaza akamwambia ustadh.

"Baada ya Pasaka nitakusikiliza mbele yao," Labib alisema. "Ukifaa, kaa. Usipofaa, jikoni bado kuna nafasi."

Basi Inshirah akaona kwa mwendo huu wa kobe Pasaka itamkuta palepale kwenye rasti. Mkwewe akamtafutia mwalimu mwingine ng'ambo ya mto, mtaa wa Dokki. Alikuwa Msyria wa Aleppo aitwaye Muwaffaq, mtu wa makamo aliyekuja wakati wa vita, mchangamfu, mwepesi wa sifa. Jumapili ikawa yake. Ustadh Labib hakuambiwa, na Muwaffaq naye hakuambiwa habari za Labib. Kuwa na walimu wawili si dhambi, wapo wanaofanya hivyo na mambo yakawa sawa. Lakini kwa watu wa udi ni jambo linalosemwa mapema, tena kwa adabu, la sivyo huachwa. Inshirah hakulisema wala hakuliacha.

Siku ya kwanza tu Muwaffaq alimsimamisha kwenye sauti ya tatu ya rasti.

"Mama mdogo, hii mbona umeishusha hivi? Inanuna. Ipandishe kidogo, unywele tu. Hapo! Mikono isalimike!"

Akaipandisha. Jumatano akaenda nayo vilevile kwa Labib, na nyusi za Labib zikainuka. Akapiga tena. Inshirah akaishusha. Jumapili akaipandisha. Udi hauna alama inayokuonyesha pa kuishika sauti hiyo, shingo yake ni mti mtupu, na Wasyria wa Aleppo huiweka juu kidogo kuliko watu wa Kairo. Kila mmoja yuko sahihi kwake. Inshirah hakulijua hilo, na hakuuliza. Angemuuliza Labib vipi bila kumtaja Muwaffaq? Akawa na kidole cha Jumapili na kidole cha Jumatano, na alivibadilisha kwa ustadi, akijiona mjanja.

Yeye huyohuyo, miaka yake yote nyuma ya kaunta, aliwafokea wagonjwa waliokwenda kwa madaktari wawili wakamficha huyu dawa za yule. "Daktari atakutibu vipi nawe unamficha?" alikuwa akiwauliza, mkono kiunoni. Sasa kila saa aliyokaa mbele ya mwalimu aliitumia kuficha. Alikuja na vipande alivyovimudu tu, akavipiga vizuri, akapewa kahawa, akaenda zake. Muwaffaq alimsifu. Labib alimtazama. Hakuna aliyemfunza kitu.

Jumatatu ya baada ya Pasaka sebule ilikuwa bado inanuka samaki wa chumvi wa sikukuu. Inshirah aliingia na udi wake kifuani, kijasho chembamba kinamtoka.

"Karibu, daktari," alisema Bwana Shukri akikaza uzi wa fidla. "Tukiugua kwa upigaji wako, dawa umekuja nayo?"

"Dawa yako wewe haiuzwi dukani, Bwana Shukri."

Wakacheka, naye akapata nguvu kidogo. Labib alimwonyesha kiti katikati ya chumba, si kile cha dirishani.

Akaanza peke yake, rasti, taratibu. Sauti ya kwanza ikatulia, na ya pili. Alipofika ya tatu akainua macho kumtazama ustadh. Nyusi zilisogea, au alidhani zimesogea, akashusha. Mara akahisi imenuna, akapandisha. Akashusha tena. Sauti ikawa inayumba, na kila alipoirudia iliyumba zaidi, hata mwenye dufu, ambaye watu husema masikio yake ni ya mapambo, akageuza shingo.

Labib akainua mkono.

"Nani mwingine anakufundisha?"

"Hakuna, ustadh. Ni nyuzi hizi. Joto la leo limezilegeza."

Labib akauchukua udi, akagusa uzi mmoja mmoja. Zote zilikuwa sawasawa. Akamrudishia.

"Nyuzi hazina kosa, daktari. Nauliza mara ya pili, na ya tatu siulizi."

Marsil alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na taulo mkononi. Inshirah aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Mtu mzima, mwenye wajukuu, amesema uongo mbele ya watu kwa sababu ya kiti.

"Kuna Msyria," alisema. "Dokki. Jumapili. Anaitwa Muwaffaq."

"Namjua. Ana mkono mzuri." Labib alisema hivyo kana kwamba anataja bei ya nyanya. "Na nimejua tangu Jumatano uliyorudi kutoka kwake mara ya kwanza. Kidole chako kilinuka Aleppo. Nikangoja uniulize: ustadh, mbona kwako chini na kwake juu? Ningeacha kila kitu nikujibu mpaka jua lizame. Hukuuliza. Ulinitazama ukashusha."

"Niliogopa utanifukuza."

"Ningekutukana. Kutukana si kufukuza."

"Mimi ananitukana tangu siku ya harusi," alisema Marsil, "na bado nipo. Na wewe, Labib, ungesema! Mdomo unao wa kulia chakula tu?"

Labib alikuna shavu, asimjibu mkewe, na katika nyumba ile hiyo ilihesabiwa kuwa ni kukiri.

"Geuza kiti," alimwambia Inshirah. "Tazama ukuta. Wewe hunisikilizi, unanisoma usoni. Sasa uso umeondoka. Piga."

Akageuka. Mbele yake kulikuwa na ukuta wa rangi ya maziwa na msumari usio na picha. Akaanza tena. Ya kwanza, ya pili. Kidole kikasimama kabla ya ya tatu, na hapo ndipo alipogundua, kwa hofu ya kweli, kwamba hajui. Hakuwahi kujiuliza yeye mwenyewe anaisikia wapi. Alikuwa anazijua nyuso za watu wawili, sauti haijui. Akafumba macho akakibonyeza kidole. Ikatoka juu. Hakuishusha. Akaendelea, akairudia, nayo ikakaa palepale mpaka mwisho.

Bwana Shukri akashusha upinde wa fidla.

"Aleppo kabisa," alisema Shukri. "Ilikosa sahani ya kibbe tu."

"Na Jumapili utamwambia mwenyewe," Labib alisema kama hakumsikia. "Mwambie Labib wa Shubra anasema sauti yako ya tatu iko juu mno."

"Atacheka, ustadh."

"Acheke. Kisha muulize kwa nini, akueleze, nawe uje unieleze mimi." Akakohoa. "Hapa kwetu ulivyopiga ni kosa. Lakini sasa ni kosa moja, limekaa mahali pamoja, naweza kulishika. Mwanzo ulikuwa na mawili yanayokimbia kila nikigeuka, ningeyakamatia wapi? Nenda dirishani. Kaa."

Inshirah akaukumbatia udi wake, akainuka. Marsil akamshika kiwiko akampeleka, akamweka kitini kama bibi harusi, akarudi zake jikoni.

Wakaanza wote pamoja. Udi wa Inshirah uliingia umechelewa kidogo, ukapata mwendo. Walipofika sauti ya tatu, yake ikabaki juu ya zao, peke yake, kali kama ndimu kwenye jino bovu. Alimtafuta ustadh kwa macho. Labib alikuwa ameinamia udi wake. Shukri alikuwa amefumba macho. Hakuna aliyekuwa anamtazama.

Wimbo ukazunguka, wakafika tena palepale. Akasikiliza. Kidole kikarudi nyuma kidogo, kikatafuta, kikarudi tena unywele mmoja, na ghafla hakuisikia tena sauti yake, ilikuwa imezama ndani ya zao. Hakuna aliyemwambia ashushe. Machozi yakamtoka na hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini.